Sauti ya Kubandika

Sufuria iligusa sakafu kwanza, kisha ndipo ikalia.

Aristides Rweyemamu aliliona jambo hilo asubuhi moja ya ukungu, akiwa sebuleni kwake Kayanga, mguu mmoja ndani ya kiatu na wa pili ungali mtupu. Mkewe, Sperancia, alitoka jikoni na sufuria ya uji, akainama, akaiweka chini kando ya meza, akainuka. Alikuwa amekwisha simama wima na kuanza kujifuta mikono kwenye kanga ndipo mlio wa sufuria juu ya saruji ulipofika, mkavu, peke yake, kama mgeni aliyeachwa nyuma na wenzake njiani.

Aristides akatikisa kichwa, akadhani ni uchovu. Juma zima alikuwa amejifungia chumbani akitazama midomo ya watu na kuisubiri sauti, na mtu akiifanya sana kazi hiyo, macho na masikio yake huanza kugombana.

Kazi yenyewe aliifanyia nyumbani, katika chumba cha pili. Watu walimletea nakala mbili za filamu moja. Ya kwanza ilikuwa na picha safi lakini maneno ya kigeni. Ya pili picha yake imechakaa na kujaa mistari, lakini ndiyo yenye sauti ya mtafsiri, yule mtu anayekaa na kipaza sauti katika kibanda cha video na kuwasemea wahusika wote kwa Kiswahili. Aristides alichukua picha huku, akachukua sauti kule, akaviunganisha kwenye kompyuta vikawa filamu moja. Wasiojua walidhani ni kazi ya kubonyeza tu. Lakini nakala mbili za filamu moja hazilingani kamwe. Moja hukimbia kidogo kuliko mwenzake, moja imekatwa hapa na nyingine pale, hata sauti iliyoanza sawasawa na mdomo huchelewa polepole, na kabla filamu haijafika katikati utamwona bibi harusi anazungumza kwa sauti ya polisi aliyekwisha toka nje. Inabidi kuvuta, kukata, kubandika, na kuvuta tena.

Safari hii kazi ililetwa na Winston, mwenye kibanda cha video kule Kimuli, wilaya ya Kyerwa.

"Kaka Aristides, picha yake usiitazame, utaumwa kichwa," Winston alisema akimkabidhi diski. "Wewe msikilize Clavery tu. Watu wa Kimuli wamewachoka hawa watafsiri wa siku hizi, wanapiga kelele kama wanauza dawa ya panya. Wanamtaka Clavery wao."

"Si amekufa siku nyingi?"

"Ndiyo maana wanamtaka. Yule ndiye aliyekuwa akiwataja babu zao."

Marehemu Clavery Ainebyona hakumwacha mhusika yeyote na jina la kwao. Mrembo, mwizi, hakimu, hata mbwa, wote aliwabatiza majina ya watu wa Kimuli na Kibingo, na kibanda kizima kilicheka mwenye jina akigeukiwa. Ila aliyekufa ndani ya filamu alipewa jina la mtu aliyekwisha kufa kweli. Watu waliona ni heshima. Wajane waliacha palizi wakaja kuwatazama waume zao, waliokufa kwa homa, wakifa upya kwa upanga juu ya farasi.

Aristides alipoifungua diski alikutana na kibanda kizima: jenereta likinguruma nje, mtu akikohoa, watoto wakikemewa wakae chini, na juu ya hayo yote sauti ya Clavery, pana na tulivu. Ilikuwa filamu ya Kihindi, ya msichana anayemtafuta kaka yake aliyepotea.

"Msichana huyu," Clavery alisema, "tumwite Kokwijuka, yule wa Rogasian, aliyekaa hapa mbele analia hata filamu haijaanza."

Kibanda kikacheka. Aristides naye akacheka peke yake chumbani. Kokwijuka binti Rogasian alikuwa mkewe. Kayanga walimjua kwa jina la ubatizo, Sperancia, au Mama Vero. Jina la Kokwijuka lilibaki Kimuli kwa mama yake, pamoja na utoto wake. Aristides akaamua asimwambie mpaka filamu ikamilike.

Tatizo lilikuja mwishoni. Katika nakala ya Winston filamu iliisha pale msichana anapofika ukingoni mwa mto na kumwona kaka yake ng'ambo. Watu wa kibanda wanashangilia, halafu kiza. Katika nakala safi filamu iliendelea. Msichana aliingia mtoni. Maji yalimfika magotini, kiunoni, kifuani. Kaka yake akafungua mdomo na kupiga ukelele. Na pale alipokuwa msichana pakabaki maji tu.

Kipande hicho hakikuwa na neno hata moja la Clavery. Aristides hakupenda kuuza filamu inayonyamaza mwishoni. Akarudi nyuma, akapata mahali ambapo mzee mmoja anakufa kitandani na Clavery anasema, "Amekwisha kufa, jamani, amekwisha kufa." Akakata. Akaenda ukingoni mwa mto, akalikata jina la Kokwijuka. Akavibandika viwili hivyo pamoja, akaviweka juu ya mdomo wa yule kaka anayepiga ukelele. Vilikaa kana kwamba vilizaliwa pale. Aliketi akaitazama kazi yake mara kadhaa, na roho yake ikafurahi.

Jumapili, walipotoka misani, aliwakalisha mkewe na binti yao Vero mbele ya televisheni. Sperancia aliposikia jina lake la utotoni alipiga kofi pajani. "Huyo ni mimi! Vero, huyo ni mama yako, Clavery alinipa filamu nzima!" Akatazama huku akiwatajia sauti za waliokuwa wakikohoa. Kisha mwisho ukafika, na Clavery akasema, kwa sauti yake pana na tulivu, "Kokwijuka amekwisha kufa, jamani."

Sperancia aliinuka akaizima televisheni.

"Clavery hakusema hivyo," alisema baadaye.

"Ulikuwa mtoto, Mama Vero. Umesahau."

"Sijasahau. Filamu iliisha ukingoni mwa mto, tukarudi nyumbani gizani, watu wakinung'unika."

Kesho yake asubuhi ndipo sufuria ilipochelewa kulia.

Mwanzoni ilikuwa kiasi cha kufumba jicho. Mwiko, kufuli, ndoo, kila alichokishika Sperancia kilitoa sauti yake baada ya yeye kukiacha. Vya wengine vilikuwa sawa. Kisha maneno yake nayo yakaanza kubaki nyuma, na hilo halikufichika.

"Mama Vero!" jirani yao Deodatha alimtania juu ya ua. "Siku hizi ukisalimiwa unajibu kama simu ya Ulaya!"

Wakacheka wote wawili. Deodatha alimaliza kucheka, akajitwisha kikapu chake na kupiga hatua, ndipo kicheko cha Sperancia kikafika. Deodatha aligeuka, akamtazama aliyekuwa amenyamaza huku anasikika akicheka, akaharakisha mwendo. Hakutania tena.

Sperancia mwenyewe alijisikia sawasawa. "Mbona mnanitazama mdomo?" aliuliza mezani. Aristides aliinamisha uso kwenye sahani. Ni Vero, mwenye miaka saba, aliyesema bila woga, "Baba, mama amemaliza kusema lakini bado anasema."

Wakaenda hospitali. Daktari alimwambia Sperancia afungue mdomo, akamulika koo, akamwambia aseme "aa". Akasema. Daktari akazima tochi, akaketi, akaanza kuandika, ndipo "aa" ikasikika. Daktari aligeuka dirishani akidhani ni mgonjwa wa nje. Akawapa dawa ya vidonda vya koo.

Siku hizo ndipo harufu ilipoingia nyumbani. Ilikuwa harufu ya petroli na ya senene wa kukaanga, wale panzi wa kuliwa, na haukuwa msimu wa senene. Ilianzia chumba cha kompyuta, ikahamia sebuleni, ikakaa. Aristides alifungua madirisha, akafua mapazia. Ukipita karibu na kochi lile la pembeni, ambalo hakuna aliyependa tena kulikalia, ilikuwa nzito, na ndani yake mlikuwa na joto, joto la watu wengi waliobanana mahali padogo.

Alasiri moja Sperancia alijilaza akisema amechoka. Yaani midomo yake ilisema, maneno yakafika yeye amekwisha sinzia. Aristides alikaa kando ya kitanda akimtazama. Kifua kilipanda na kushuka bila mlio. Akainama akaweka sikio juu ya moyo wake, akasikiliza, na hapakuwa na kitu, palikuwa kimya kama unaposikiliza ukuta. Akajiambia hajaweka sikio mahali pake, akalisogeza, akaliminya mpaka likauma, na bado hakusikia chochote. Na alipoinua kichwa, jasho likimtoka, aliusikia moyo wa mkewe ukidunda wazi, taratibu, du, du, du, lakini haukudunda kitandani, ulidunda kwenye kiti kilichokuwa miguuni mwa kitanda, kiti kitupu chenye kanga iliyokunjwa juu yake, na kanga hiyo ilikuwa ikitikisika.

Alitoka nje akishika ukuta. Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima na moshi wa majiko umetanda juu ya migomba. Vero alikuwa akianua kahawa kwenye mkeka.

"Vero!" sauti ya Sperancia iliita kutoka ndani ya migomba, kule chini kwenye kisima. "Vero, njoo hapa mara moja!"

Ni mwito wa asubuhi. Aristides aliukumbuka, Sperancia alikuwa ameisogeza midomo yake jikoni na hakuna lililosikika. Lakini Vero hakujua ya asubuhi wala ya jioni. "Abee, mama!" akajibu, akaacha kahawa, akaanza kukimbilia kisimani. Aristides alimfikia kwenye mgomba wa kwanza, akamshika mkono, akamrudisha akiwa amemkumbatia. Nyuma yao sauti ya mkewe iliita tena, kwa upole, "Njoo, mama. Njoo."

Hayo ya pili Sperancia hakuyasema asubuhi. Hakuyasema siku yoyote.

Ndipo Aristides alipoyakumbuka maneno aliyoyabandika, na mto, na jinsi alivyofurahi. Akampigia simu Winston.

"Winston, ile filamu. Ni nani anayejua kwa nini imekatwa mwisho?"

"Ah, labda mjane wa Clavery, Nikuze. Yupo hapa hapa Kimuli. Kwani kuna nini, kaka? Mbona unanong'ona?"

Asubuhi walimwacha Vero kwa Deodatha, wakapanda hiace ya Omurushaka na kuendelea hadi Kimuli. Ndani ya gari Sperancia aliwaamkia wazee kwa midomo, na walipokosa kusikia salamu yake walimwona mwenye maringo. Siku hiyo hapakuwa tena na sauti yoyote. Ilikuwa imebaki nyuma kabisa.

Nikuze walimkuta barazani kwake akipepeta maharage. Alikuwa mwanamke mrefu, aliyezaliwa ng'ambo ya mto Kagera na kuolewa huku.

"Shikamoo, mama," Aristides alisema.

"Marahaba."

Sperancia naye akapiga goti, midomo yake ikaamkia. Nikuze aliitazama midomo ile mpaka ilipotulia, akangoja kidogo, akasema, "Marahaba, mwanangu," kama aliyesikia. Akauweka ungo chini. "Wewe ni Kokwijuka wa Rogasian. Na Clavery wangu alimaliza hivyo hivyo. Midomo inacheza, sauti tunaisikia migombani. Nimwulize mumeo amefanya nini?"

Aristides akamweleza yote, hakuficha.

"Ulimtia mdomoni neno ambalo hakulisema."

"Nilidhani ni filamu tu, mama."

"Ni filamu. Lakini jina si la filamu." Nikuze akashusha sauti, akatazama nyuma yake mlangoni. "Mlikuwa hamjui kwamba Clavery alikuwa na kigugumizi? Kuomba chumvi tu ilimchukua mpaka chakula kipoe. Siku moja alikwenda mtoni Kagera akarudi anasema kama redio. Huko alipatana na kitu. Nasema jini, sina neno jingine. Halina jina lake, ndiyo maana linayapenda ya watu. Lilimpa sauti, naye akalipa majina. Kila anayekufa ndani ya filamu, jina atakalopewa ni la jini, linalila."

"Ndiyo maana akatumia ya marehemu."

"Alilidanganya miaka yote. Na kila jina aliliomba kwa wenyewe, alikwenda kwao, akakaa, akaomba. Halafu siku ile huyu mtoto alikuwa analia pale mbele, akataka kumfurahisha, akampa msichana jina lake. Filamu ilipofika katikati ndipo akakumbuka mwisho wake." Nikuze alimtazama Sperancia. "Watu walisema mafuta yameisha. Mafuta yalikuwepo. Alitoka akalizima jenereta kwa mkono wake, wakamtukana mpaka hapa mlangoni. Kile kipande hakukionyesha tena. Jini halikulipata jina lako, likaanza kumdai yeye sauti yake. Alikufa bubu."

Machozi yalikuwa yakimtoka Sperancia. Kilio chake hakikusikika popote.

"Nikikifuta kile kipande?" Aristides aliuliza.

"Limekwisha pewa. Utakitoa tumboni? Libadilishie. Mwisho ule ule, mto ule ule, sauti ya Clavery, lakini jina la marehemu. Kisha filamu ionyeshwe jini likiwapo likisikia, halafu uchome kila kitu."

"Basi naliomba jina, mama."

"La nani?"

Aristides hakuwa amefikiria.

"Mimi nina marehemu mmoja tu," Nikuze alisema. Akauinua ungo, akautazama, akauweka tena. "Kila filamu aliifungua kwa kusema, 'Mimi ni Clavery Ainebyona.' Hapo utalipata. Lakini yaweke majina yote mawili. Akina Clavery wako wengi, mmoja yuko hapo chini analima. Usije ukamtoa anayepumua. Na jambo jingine: liweke juu ya mdomo. Clavery alikuwa akisema sauti ikitangulia ni vibaya kuliko ikichelewa. Hakuniambia kwa nini, nami sikutaka kujua."

Alifunga mlango wake, akaondoka nao.

Walifika Kayanga mvua imeanza. Walipita sebuleni bila kulitazama kochi la pembeni, wakaingia chumba cha kompyuta, Sperancia akaketi kwenye kigoda na Nikuze kando yake akimshika mkono. Aristides akafunga pazia, akaweka vipaza sauti juu, akaanza kutafuta mwanzo wa filamu. Na hapo ndipo alipotambua kwamba mvua, ambayo aliiona kwenye upenyo wa pazia ikipiga kioo na kumwagika kutoka paani, haina mlio, bati lililo juu ya vichwa vyao halilii, na kwamba katika nyumba nzima hakuna kinachosikika isipokuwa kile kibanda cha Kimuli cha miaka ile, jenereta lake na kikohozi chake na watoto wake, na kati ya vikohozi hivyo pumzi moja ambayo haikuwamo kwenye diski, karibu sana, nyuma ya bega lake, yenye harufu ya petroli na senene.

"Usigeuke," Nikuze alinong'ona. "Fanya kazi yako, baba."

Alilikata jina la Clavery Ainebyona. Alilikata vibaya mara mbili kabla halijatoka zima. Akaenda mwisho wa filamu, mtoni, akalitoa jina la Kokwijuka pale lilipokuwa, na nafasi ikabaki wazi juu ya mdomo wa yule kaka. Akalileta jina jipya. Halikuenea. Majina mawili hayawezi kukaa mahali pa jina moja. Likiwekwa palipo mdomo, "amekwisha kufa" inasukumwa mbele na kuangukia maji matupu, na Nikuze alikuwa amesema juu ya mdomo. Pumzi nyuma yake ilikuwa inazidi kwenda mbio. Aliutazama mkono wa mkewe, ukucha umeanza kugeuka kijivu. Akalivuta jina nyuma kidogo, lianze kabla mdomo haujafunguka. Kidogo tu. Akabonyeza.

Msichana aliingia mtoni. Maji yalimfika magotini, kiunoni, kifuani, na midomo ya kaka yake ikiwa bado imefungwa, sauti pana na tulivu ilisema, "Clavery Ainebyona," na midomo ikafunguka, "amekwisha kufa, jamani."

Watu wa kibanda, ambao mahali pale hawakupata kuwepo, walinyamaza wote kwa pamoja. Jenereta likazimika. Katika kimya hicho mtu mmoja alipiga makofi, taratibu, makofi mazito, yakapita kati yao na kutokea mlangoni, na kochi la sebuleni likalia kama linavyolia mtu mnene anaponyanyuka.

Kisha mvua ikaangukia bati kwa kishindo, na Sperancia akapiga ukelele, ukelele wake, mdomoni mwake, pale pale kigodani.

Nikuze aliachia mkono wake, akafunika uso kwa kanga. "Kwa heri, mume wangu," alisema.

Jioni hiyo hiyo walichoma diski nyuma ya jiko. Aristides akafuta kila nakala, chafu na safi, ya Winston na ya kwake, akaitoa ile sehemu ya kuhifadhia ndani ya kompyuta akaiponda kwa nyundo. Hapakubaki kitu cha kuvuta wala cha kukata. Winston alipokuja kudai filamu alimwambia imeharibika, akakubali kutukanwa.

Nyumba ikatulia. Harufu iliondoka. Deodatha akaanza tena kutania juu ya ua. Kama kulikuwa na kasoro ni ndogo mno, na Aristides hakumwambia mtu: kijiko cha Sperancia kilisikika ndani ya kikombe kabla hakijaugusa ukingo wake. Aliposema "Karibu chai, Baba Vero," midomo yake ilifunguka baada ya neno la kwanza. Kiasi cha kufumba jicho. Aristides alijiambia kwamba mke aliye hai na anayetangulia kidogo ni neema, na akazoea kutomtazama mdomo.

Kahawa ilikuwa imekwisha kauka. Alasiri moja yenye jua Sperancia na Vero waliketi uani wakimenya ndizi za jioni, Aristides akiwa kizingitini na kikombe chake cha chai. Sperancia aliinua ndizi moja iliyojikunja, akaipachika sikioni mwa binti yake kama simu, mabega yake yakitikisika kwa kicheko.

Nacho kicheko hakikusikika. Kilichosikika ni kilio. Kilikuwa kilio cha mjane, kile kinachopigwa mikono ikiwa kichwani, na kilitoka kwa Sperancia aliyekuwa akicheka.

"Aristides we! Aristides Rweyemamu! Umeniacha na nani?"

Chai ilimmwagikia mkononi na hakuisikia ikimchoma. Mkewe aliiweka ile ndizi sufuriani, akachukua nyingine, akamgeukia kwa uso uliotulia, wenye macho makavu. Hakuwa amesikia chochote.

Vero ndiye aliyesikia. Aliacha kisu, akamtazama mama yake mdomoni, kisha akamtazama baba yake pale kizingitini kwa muda mrefu, kama anayemkagua.

"Baba," alisema polepole, "mama anakulilia, lakini bado hajaanza kulia."

Aristides alijaribu kukumbuka mkono wake ulivyoshika kipanya siku ile ya mvua, na ni kwa kiasi gani hasa alikuwa amelivuta lile jina nyuma.